Lodi wa Bugolobi

Neno "lodi" likitajwa redioni, mpaka leo huinuka nikaizima. Wajukuu zangu hudhani ni uzee. Si uzee, ni kinyaa, na kinyaa hicho nilikipata katika flati ya ghorofa ya pili huko Bugolobi, mjini Kampala, nilipokuwa nikiishi na mama yangu mdogo na mumewe wakati wa utawala wa jeshi.

Mama mdogo na mama yangu walikuwa tumbo moja. Mume wangu aliponipa talaka, mama alikwisha kufa, nikachukua cherehani yangu na nguo zangu nikaenda kwa mama mdogo. Alinipa chumba kilichotazama upande wa viwandani. Upepo ukigeuka, harufu ya machinjioni iliingia mpaka ndani ya nguo nilizokuwa nikiwashonea watu. Bibi harusi mmoja aliwahi kunirudishia gauni lake akisema linanuka utumbo. Humo ndimo nilimoshona na ndimo nilimosikia mambo yote ya nyumba ile, maana kuta za flati hazina siri.

Mume wa mama mdogo alikuwa mzungu, Mwairishi. Nilimwita baba mdogo, na sitaki kusema uongo, nilimpenda. Alikuja Uganda kabla ya uhuru kusimamia utandazaji wa mabomba ya maji, na wenzake walipofungasha kurudi kwao yeye akabaki. Cherehani yangu ilipokwama alikaa nayo sakafuni mchana kutwa, akaifungua kipande kwa kipande, akaifunga tena ikashona kuliko ilivyotoka dukani. Kiswahili chake alichokuja nacho kilikuwa cha kuamrishia vibarua, lakini mama mdogo alikinyoosha taratibu mpaka akawa anatutania kama mtu wa nyumbani.

Niseme walivyooana, maana uchafu wote umeanzia hapo. Babu yetu, ambaye wazee wake walitoka pwani na misafara ya biashara, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Kikuubo. Mzungu yule alikuja kununua shuka, akamwona binti. Akarudi kununua shuka nyingine, na nyingine, mpaka babu akamwuliza kama nyumbani kwake analaza jeshi. Ndipo akasema anachotaka. Babu naye akaanza maswali. Unakunywa? Nitaacha. Utasilimu? Nitasilimu. Una uwezo wa kumlisha na kumvika? Ninao. Utamchukua Ulaya? Simchukui. Akatamka shahada kule msikiti wa Kibuli mbele ya watu, akapewa jina ambalo hakuna aliyelitumia tena, mahari ikatajwa, mashahidi wakakaa, ndoa ikafungwa.

Swali moja halikuulizwa. Hakuna aliyemwuliza kama ana mke kwao. Kwetu mwanamume haulizwi hilo. Akiwa naye mmoja, nafasi zimebaki tatu. Linaloulizwa ni kama ataweza. Wazee wetu walimpima kwa pishi yao wenyewe, wakaona imejaa, wakapiga fatiha na kula pilau.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kiume. Wakati ninaousimulia alikuwa kijana mkubwa, mchoraji wa ramani katika ofisi moja mjini. Aliniita dada. Jioni akitoka kazini alikuwa akinichorea mikato ya magauni juu ya magazeti ya zamani, na penseli yake haikukosea kiuno cha mtu hata kama alimwona mara moja tu ngazini. Nilimwambia macho hayo si ya mtu mwenye haya, akacheka.

Ulodi uliingia nyumbani kwa simu ya maandishi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, maduka yao yamegawiwa wanajeshi na marafiki wa wanajeshi, na sukari imekuwa kitu cha kunong'onezana. Baba mdogo aliisoma ile simu amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akalia na kucheka kwa pamoja. Binamu wa mbali amekufa kwao bila ya mtoto wa kiume.

"Mimi sasa ni Lodi," akasema.

"Lodi wa nini?" mama mdogo akamwuliza.

Akataja mahali, jina refu, akaeleza ni huko kwao Ireland, sehemu ya bara yenye matope na mawe.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Nyumba ilichomwa moto, ardhi iliuzwa zamani. Limebaki jina."

"Basi kesho nitalipika," mama mdogo akasema, akarudi jikoni.

Jioni ile baba mdogo alitusimulia ulodi, cheo cha kikabaila cha Waingereza, ulikotoka. Alikuwa ameshatoa chupa ya waragi, pombe kali ya Uganda, aliyokuwa akiificha nyuma ya tangi la choo, na siku hiyo hakuificha tena. Ireland, alisema, iliwahi kuwa na bunge lake. Waingereza wakataka lifungwe ili nchi itawaliwe kutoka London. Wabunge wengine wakakataa, wengine wakauliza watapewa nini. Babu wa mababu zake alikuwa miongoni mwa waliouliza. Ardhi aliyokuwa akijivunia haikuwa yake. Wenyewe waliondolewa kwa bunduki vizazi vichache kabla. Akauza kura yake, bunge likafungwa, akapewa ulodi.

"Alikuwa mjanja sana mzee yule," baba mdogo akasema, akicheka.

Nilimtazama huku pini ziko mdomoni. Barabara ya chini yetu kulikuwa na duka la Mhindi ambalo sasa lilikuwa la kapteni mmoja aliyeuza sari kama mapazia, nami ndiye niliyekuwa nikiletewa nizipinde. Nikajiuliza kama wajukuu wa kapteni nao watakuja kuitwa malodi, wakae mahali na chupa zao wamsifu babu kwa ujanja. Nikaona watasifu. Hakuna kinachosafisha wizi kama kurithiwa.

Aliendelea. Lodi wa pili alimaliza mali kwenye mbio za farasi. Wa tatu ndiye aliyekuwapo wakati viazi vilipooza ardhini na watu wakafa njaa kando ya barabara, midomo yao kijani kwa kula majani. Yeye ngano yake aliipakia melini ikauzwe Uingereza. Wa nne alikwenda India kupiga watu risasi, akafa kwa pombe. Majirani wakaja kuichoma nyumba moto. Alisema haya kama mtu anayesimulia ukoo wa mitume, na mwanawe alimsikiliza ameinamisha kichwa, akichora duara juu ya gazeti. Mimi niliinuka nikafunga dirisha, ingawa upepo siku ile haukutoka machinjioni.

Nikamwuliza unarithiwaje. Akasema ulodi hauchagui. Humwendea mtoto wa kiume wa kwanza aliyezaliwa ndani ya ndoa. Binti hapati hata harufu yake. Asipokuwapo mtoto wa kiume, hupanda juu mpaka kwa babu, halafu hushuka kwenye tawi jingine ukitafuta mwanamume wa kumkalia. Ndivyo ulivyotafuta mpaka ukafika Bugolobi. Mimi nilirithi nusu ya alichorithi kaka yangu, na nilinuna, lakini nusu yangu niliishika mkononi na hakuna aliyeniambia sikuzaliwa.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa Kiganda mwenye kicheko cha karibu, alikuja kupimwa gauni nikampa habari.

"Kwa hiyo ukoo hapana kaa chini kuchagua?" akaniuliza. Kwao mtu akifa ukoo hukaa, humtazama kila mtoto, ndipo humsimika mrithi. Hata kwa wafalme wao, mtoto wa kwanza ndiye asiyetawala. "Na mutoto wa kwanza akiwa murevi?"

"Atakuwa lodi mlevi."

"Akiwa mujinga?"

"Lodi mjinga."

Akacheka mpaka pini zikamchoma. "Nnyabo, hiyo hapana kurithi. Hiyo ni kuangukiwa."

Habari zikafika kwa wajomba. Wajomba zangu walikuwa hawajakanyaga flati ile muda mrefu, kwa sababu ya waragi, walisema, ingawa waragi kwao pia ilijulikana. Sasa walikuja na kanzu za Ijumaa siku ya Jumanne. Walimwamkia dada yao "Ledi", kama aitwavyo mke wa lodi. Walimwita mwanawe "Lodi mdogo" na kumshika bega. Mmoja wao alitaka kujua kama ulodi unaweza kumpatia kibali cha kuingiza vitambaa. Mama mdogo aliwamiminia chai isiyo na sukari na kuwaambia Ledi hafui soksi za mume kwa mikono, yeye anafua. Wakacheka kama watu waliosikia neno la hekima. Niliondoka sebuleni nisije nikasema neno ambalo mtoto wa dada hapaswi kumwambia mjomba.

Lakini hao walikuwa jamaa, na jamaa wakijipendekeza hukuchosha tu. Aliyekuja baada yao alikuwa mwingine. Flati ya chini ilikuwa ya Meja mmoja, aliyepewa baada ya mwenyewe kufukuzwa. Alipanda ngazi na walinzi wawili na kilo ya sukari.

"Hapa iko muzungu Lodi?" akauliza mlangoni.

Mama mdogo akamwambia yupo. Meja akaingia, akamtazama baba mdogo toka kichwani mpaka kwenye kandambili zake.

"Lodi na Meja, nani mukubwa?"

"Lodi hana askari hata mmoja, Bwana Meja," baba mdogo akajibu. "Mkubwa ni wewe."

Meja alipendezwa mno. Tangu siku hiyo akawa anamchukua kwenye karamu zake. Wakati huo kulikuwa na tamaa ya kuona wazungu wakitumikia, tamaa iliyotoka juu kabisa ikashuka mpaka kwa koplo. Meja alimsimamisha baba mdogo katikati ya wageni, akampa chupa awamiminie bia, akatangaza, "Lodi ya Waingereza iko namiminia mimi pombe." Baba mdogo miaka yote alikuwa akiwaka ukimwita Mwingereza, mama mdogo alimwita hivyo akitaka ugomvi. Kwa Meja hakuwaka. Alimimina. Akarudi nyumbani na sabuni, chumvi, sukari, akavipanga mezani kimoja kimoja ili tuvione. Sukari ile mimi sikuitia mdomoni.

Siku moja Meja akaja kula kwetu. Tulipika, ungefanyaje. Alikaa kwenye kiti cha baba mdogo, walinzi wakasimama na bunduki zao karibu na kabati la vyombo. Baada ya kushiba akauliza, "Wewe nakufa, nani nachukua hii lodi?"

"Mtoto wa kiume wa kwanza," baba mdogo akasema, glasi mkononi.

Wakati huo huo kijana alikuwa akiingia na sinia ya sambusa. Meja akageuka. "Huyu?"

Baba mdogo alitabasamu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

"Basi hii kijana nakuja kuwa mukubwa kuliko mimi, hapa hapa kwa Uganda yangu?" Meja akacheka. Walinzi wakacheka. Na baba mdogo, Mungu ni shahidi yangu, akacheka pamoja nao.

Kijana aliweka sinia mezani, akaja jikoni. "Dada, umesikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimesikia. Hakuna mtu Kampala aliyekuwa hajui kicheko kile. Mtaa wetu ulikuwa umempoteza kijana mmoja kwa sababu alimshinda ofisa kucheza dansi.

Hazikupita siku nyingi, gari lisilo na namba likasimama mbele ya ofisi alikofanya kazi, watu wa miwani myeusi wakaulizia "mutoto ya Lodi". Mwenzake akamwashiria, naye kijana akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa na penseli bado nyuma ya sikio. Jirani yetu Mganda alimpeleka kwa dada yake nje ya mji, wala hakungoja aombwe. Sisi tulibaki na swali moja tu: atatokaje Uganda akiwa hai?

Mama mdogo ndiye aliyekumbuka. Baba wa mtoto ni mzungu. Mtoto wa mzungu hupata pasipoti ya kizungu, na pasipoti ile hata askari wa vizuizi vya barabarani huishika kwa mikono miwili. Kulikuwa bado na ofisi mjini iliyoshughulikia mambo hayo. Akamwambia mumewe, na mumewe akasema ni vigumu. Akamwambia tena. Akasema makaratasi yao ni mengi. Akaacha kumwambia, akampigia pasi suruali, akamtolea shati, akasimama mlangoni na buibui lake mpaka akavaa. Mimi nilikwenda nao kwa sababu nilisoma Kiingereza na mama mdogo alitaka mtu wa kumtafsiria. Kijana tulimwacha alikofichwa.

Karani alikuwa bibi wa kizungu wa makamo, mpole. Aliposikia neno Lodi alimvutia kiti yeye kwanza. Akaeleza kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa hupata utaifa wa baba. Mama mdogo akafungua leso, akatoa hati ya ndoa yenye sahihi ya shehe. Bibi yule aliigeuza pande zote mbili kwa adabu, akaiweka mezani, akachukua kalamu.

"Kabla ya ndoa hii, uliwahi kuoa?"

Niliona shingo ya baba mdogo ikizidi wekundu.

"Ndiyo," akasema.

"Mke huyo amefariki?"

"Yu hai. Yuko Ireland."

"Mliachana kisheria?"

"Kwetu hakuna talaka."

Bibi akaiangalia ile hati, akamwangalia mama mdogo, akauliza polepole, akionyesha kwa kalamu, "Na huyu bibi ni nani kwako?"

Niliomba moyoni aseme neno lolote. Hata "rafiki" ningelimeza.

"Ananitunzia nyumba," akasema.

Mama mdogo hakusubiri tafsiri. Kiingereza cha ofisi hakukijua, lakini maneno ya nyumbani aliyajua yote, ameishi nayo miaka ishirini na zaidi. Akaichukua hati yake, akaifunga katika leso, akaitia kifuani, akamshukuru karani kwa Kiswahili. Bibi yule alisema anasikitika, kwa sheria yao mke wa kwanza akiwa hai ndoa ya pili si ndoa. Bila ya ndoa hakuna pasipoti, na bila ya ndoa, akamkumbusha Lodi kwa heshima, ulodi nao hauwezi kumfikia kijana. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Alijua. Alijua siku ile ya sambusa, alijua siku wajomba walipomshika kijana bega.

Nyumbani mimi ndiye niliyefungua mdomo, na nilifungua wote. Nilimwuliza ni kitu gani kilichomziba. Akasema kule unaapa. Akigundulika amesema uongo, jina lake linaondolewa katika orodha ya malodi, na tena kuoa wake wawili kwao ni jela. "Siwezi kusema uongo mbele ya serikali," akasema. Mtu aliyelala juu ya uongo miaka yote hiyo, uongo ukamzalia mtoto na kumfulia soksi, siku ambayo uongo mmoja ungeokoa roho ndiyo akaona ni dhambi.

Mama mdogo alikuwa ametulia kabisa. "Ulisilimu kwa ajili ya nini?" akamwuliza.

"Kwa ajili yako."

"Hapana. Ulisilimu kwa sababu dini yangu ina nafasi nne, na yako ilikuwa na moja, nayo umekwisha kuijaza."

Alinyoosha mkono kuitafuta chupa.

"Na Meja alipomtazama mwanangu," mama mdogo akaendelea, "ungemwambia tu kwamba huyu harithi. Neno moja. Angemsahau palepale, akala sambusa zake. Kwa nini hukusema?"

Baba mdogo alitazama viganja vyake. "Niliona aibu," akasema.

Aliona aibu mbele ya Meja, mtu aliyemfanya mmimina pombe. La kuvunda halina ubani. Nilikwenda kwenye karo nikatema mate, na tangu siku hiyo sikumwita tena baba mdogo.

Kijana ikabidi atoke bila ya karatasi. Alipatikana dereva wa lori la ngozi mbichi zilizotiwa chumvi, la kwenda Kenya. Alipakiwa mchana, chini ya ngozi, karibu na machinjioni yale yale ambayo harufu yake tulikuwa tukiilaani. Mama mdogo alimfunga kitambaa chenye karafuu puani. Mimi nilimpa shati nililolishona usiku kucha, naye akaniambia ukosi umekwenda upande, akacheka.

Dereva alirudi peke yake. Alituambia kabla ya daraja la njia ya Kenya kulikuwa na kizuizi, askari walichoma ngozi kwa singe, wakamteremsha kijana akiwa mzima, akitembea kwa miguu yake, wakamtia ndani ya gari lao. Zaidi ya hapo hakuona, kwa sababu aliamriwa aondoke.

Mama mdogo alianza kuzunguka. Alikwenda kwenye mageti ya magereza, kwenye kambi, kwenye chumba cha maiti hospitalini, alikwenda mpaka kwenye ule msitu wa nje ya mji ambako watu walikuwa wakipekua majani kwa fimbo wakitafuta jamaa zao. Mara nyingi nilifuatana naye. Tukiongea Kiswahili njiani watu walitukwepa, wakidhani sisi ni wake wa askari, kwa kuwa siku hizo lugha ya bibi zetu ilikuwa imegeuka lugha ya kuogopwa. Tulijifunza kunyamaza.

Lodi alishuka kwa Meja kumwulizia. Nilimsikia kutoka dirishani, akiomba. Meja hakukasirika. "Mimi hapana jua," akamwambia. "Lakini wewe iko lodi. Zaa ingine." Kisha nikasikia hatua zake ngazini. Akaingia ndani, macho mekundu, na mkononi ameshika kilo ya sukari.

Aliipokea. Ndilo ninalokumbuka nikilisikia neno lile redioni. Alisimama pale mlangoni na ile kilo, hajui aiweke wapi, na hakukuwa na mtu wa kumsaidia.

Mama mdogo alihamia chumbani kwangu. Alimpikia, kwa sababu hawezi kumwacha kiumbe na njaa, lakini sahani aliiweka mezani akaondoka. Lodi alikunywa. Ngozi ikageuka manjano, tumbo likavimba, na kabla ya mwaka kwisha akafa, kwa utulivu, kitandani, jambo ambalo wengi mjini hawakulipata. Ulodi ukapanda juu ukashuka kwenye tawi jingine. Nasikia ulimkuta mwuza mbolea.

Wazungu wachache waliobaki mjini hawakuja mazikoni. Wajomba walikuja wote. Walitaka maziko ya kishindo; mmoja aliuliza kama inafaa kutangaza msikitini kwamba marehemu alikuwa Lodi. Maiti ilioshwa, ikakafiniwa, ikawekwa sebuleni, na wanawake wakaingia chumbani kwetu na nguo nyeupe za eda. Mke wa mjomba mkubwa alizikunjua kitandani.

"Njoo mwanangu tukuvishe," akamwambia mama mdogo. "Miezi minne na siku kumi. Hutoki, huonekani, sisi tutakuletea kila kitu."

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafunga viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Gerezani. Wamesema leo watatoa watu."

"Huwezi. Una eda."

"Eda hukaa mke," mama mdogo akasema. Alimaliza kiatu cha pili, akasimama, akavaa buibui. "Mimi nilimtunzia nyumba. Mwandikieni mkewe huko Ireland, akae yeye."

Mjomba mkubwa alikuwa amefika mlangoni. Akamwambia mbele ya Mungu ndoa ile ni ndoa, yeye mwenyewe alikuwa shahidi, watu wamejaa nje, asiuaibishe ukoo.

"Mungu alikuwapo ofisini pale, kaka," akamjibu. "Alisikia kama nilivyosikia. Nipishe, nitachelewa."

Akampisha. Mama mdogo alipita sebuleni kando ya jeneza, hakulitazama wala hakugeuza uso kulikwepa, akateremka ngazi katikati ya wanaume waliokuwa wakingoja kulibeba. Nilichukua mtandio wangu nikamkimbilia.

Tulifika getini kabla ya adhuhuri. Walitoka watu wachache, wamekonda, wakifumba macho kwa jua, na kila aliyetoka mama mdogo alimtazama usoni mpaka mwisho. Tulisimama hata geti likafungwa. Kisha akamwendea askari aliyekuwa akilifunga kufuli, akamwuliza, kwa Kiswahili chetu chote, bila ya kukificha, watatoa wengine lini.